Toleo Jipya Si Mwisho wa Ulinzi



Programu ya kompyuta inayotunza hesabu za chama hujengwa kwa vipande vingi vilivyoandikwa na watu wengine. Kipande kimoja kikiwa na ufa, hesabu zote zimo hatarini, hata kama mwenye programu hajui kwamba kipande hicho kimo ndani yake.

Ushahidi upo. Desemba 2021 ulitangazwa udhaifu mkubwa katika Log4j, kipande cha lugha ya Java kinachoandika kumbukumbu za matukio. Kwa kupenyeza mstari mmoja wa maandishi, mdukuzi aliweza kuendesha maagizo yake katika mashine ya mwingine. Toleo 2.15.0 lilitolewa kuziba ufa huo, lakini halikuuziba kabisa. Likafuata 2.16.0, kisha 2.17.0, na kabla ya mwezi kwisha, 2.17.1. Aliyebadili mara moja akaridhika alibaki hatarini.

Basi kila chama kinachotumia kompyuta kimwagize fundi wake mambo matatu. Kwanza, aorodheshe kila kipande na toleo lake. Pili, kila abadilipo toleo aihakiki upya orodha hiyo, kwa kuwa toleo jipya huweza kuleta vipande vigeni, na nakala ya zamani huweza kubaki. Tatu, ailinganishe mara kwa mara na matangazo ya udhaifu, kwani ufa usioonekana leo huweza kugunduliwa kesho.

Katibu hahitaji kuwa fundi ili aidai orodha hiyo. Ghala huhesabiwa hata baada ya kufuli kubadilishwa. Na jasho la mkulima limo katika hesabu kama lilivyomo ghalani.