Umehamia Dar? Anzia Serikali ya Mtaa

Msikilizaji uliyetoka Lubumbashi, Moroni au Lusaka ukafikia Kariakoo, haya yanakuhusu.

Kabla ya yote, nenda ofisi ya serikali ya mtaa na pasipoti na kibali chako, ujitambulishe kwa mwenyekiti. Siku ukipata shida, huyo ndiye atakayesema anakufahamu.

Chumba je? Dalali hutaka kodi ya mwezi mmoja, mwenye nyumba mara nyingi miezi sita kwa mkupuo. Usitoe hela hujaona choo, hujaandikiana mkataba, hujauliza kama luku, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, ni yako peke yako au mnachangia. Ugomvi mwingi wa wapangaji huanzia kwenye luku.

Kuhusu usafiri, mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza 2016, hufika Kivukoni, jirani na kivuko cha Magogoni kiendacho Kigamboni. Foleni ikiwa ndefu, shika mkoba wako mbele. Na wenyeji, mgeni akiuliza njia, tumwelekezeni vizuri.