Habari ya Kupunguzwa Kazi Isianzie Getini



Katika kata yenye viwanda vidogo, shule binafsi na nyumba za wageni, habari ya kupunguzwa kazi aghalabu humfikia mfanyakazi kwa mlango wa nyuma. Mlinzi wa getini huisikia kwa dereva, naye dereva alimsikia mhasibu akizungumza kwa simu. Jioni jambo zima limekwisha kufika kwa mama lishe. Mwajiri anapoitisha kikao siku ya tatu, watu hawaji kusikiliza. Huja kuthibitisha waliyokwisha kuyaamini, na mengine si ya kweli.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, inaweka utaratibu mwingine. Kifungu cha 38 kinamtaka mwajiri atoe taarifa ya nia ya kupunguza wafanyakazi, mara tu jambo hilo linapofikiriwa. Neno la kushika hapo ni nia. Si taarifa ya uamuzi. Aliyekwisha kuandika barua na kuzipiga muhuri, kisha akaitisha kikao cha kushauriana, amewaita watu mazishini huku akiwaambia wanakwenda kumjulia hali mgonjwa.

Yanayopaswa kujadiliwa ni sababu za kupunguza, njia za kuepuka au kupunguza makali yake, namna ya kuwachagua watakaoondoka, wakati wa kuondoka, na malipo. Mwajiri hutakiwa pia kutoa taarifa zote zinazohusika, ili mazungumzo yawe ya maana.

Ichukuliwe mashine ya kukamua alizeti ambayo mbegu zake zimekwisha ghalani mapema. Mwenye mashine akisema "hali ya biashara ni ngumu", amesema jambo ambalo matajiri husema hata siku wanayonunua gari jipya. Akifungua daftari la magunia yaliyopokewa msimu huu na msimu uliopita, mazungumzo hugeuka. Mmoja atauliza kama zamu zinaweza kugawanywa. Mwingine, mwenye shamba lake, ataomba likizo bila malipo hadi mavuno. Pengine wanne waliokusudiwa wataondoka vile vile. Hata hivyo watakuwa wameiona hesabu kwa macho yao, na wamepata nafasi ya kuipinga.

Waajiri wengi huogopa kwamba wakisema mapema, mafundi hodari watatafuta kazi kwingine. Hofu hiyo si ya bure, wapo watakaoondoka. Lakini anayebaki huangalia jinsi mwenzake alivyoondolewa, na kuanzia hapo hulipima kila neno la mwajiri, hata lile la nyongeza ya mshahara.

Malipo nayo yatajwe kwa shilingi, si kwa maneno "stahiki zote zitalipwa". Anayelipwa kwa mwezi hupewa notisi isiyopungua siku 28, au malipo badala yake. Aliyetimiza angalau miezi 12 ya utumishi mfululizo na akapunguzwa, hulipwa kiinua mgongo cha mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, kwa miaka isiyozidi 10. Kwa mfano, anayefanya kazi siku 6 kwa wiki kwa mshahara wa shilingi 390,000 kwa mwezi hupata shilingi 15,000 kwa siku. Akiwa na miaka 6 kazini, kiinua mgongo chake ni siku 42, yaani shilingi 630,000. Hesabu hiyo huingia katika ukurasa mmoja wa daftari la shule, na mwajiri asiyeweza kuiandika mbele ya anayemwondoa hajawa tayari kumwondoa. Hupaswa pia kumpa hati ya utumishi.

Wasipoafikiana, shauri hupelekwa kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Anayeona ameachishwa isivyo haki ana siku 30 za kufungua malalamiko yake huko. Siku hizo huhesabiwa tangu kuachishwa, hata kama mwajiri amemwambia asubiri nyumbani ataitwa.