Wino, Risasi na Karatasi: Kiwanda Kidogo cha Chapa Katika Harakati za Wafanyakazi



Nimeombwa nizungumze juu ya historia ya vyama vya wafanyakazi nchini mwetu. Kwa ruhusa yenu nitapita haraka juu ya migomo na mikutano mikubwa, nikae zaidi kwenye jambo ambalo ni nadra kuulizwa. Sote twajua nani alihutubia wapi. Lakini yale makaratasi yaliyowaita watu mkutanoni, ni nani aliyeyachapa, na yalimgharimu nini?

Makhan Singh alizaliwa Punjab mwaka 1913, akaletwa Kenya akiwa kijana mwaka 1927. Baba yake, Sudh Singh, aliwahi kuwa fundi wa reli, kisha akafungua kiwanda kidogo cha chapa hapa Nairobi. Mtoto alipomaliza masomo aliingia kazini humo. Mwaka 1935 akachaguliwa katibu wa chama cha mafundi wa Kihindi, na muda si muda chama kikabadili jina na kuwa Labour Trade Union of Kenya, mlango wake ukiwa wazi kwa wafanyakazi wa rangi zote. Katika Kenya ya wakati huo, ambako hata vyoo vilitengwa kwa rangi, hilo halikuwa jambo dogo.

Sasa tazameni jinsi mambo yalivyokutana. Chama hakikuwa na fedha wala ofisi ya kujivunia, lakini katibu wake alikuwa mpiga chapa. Wenzangu wazee waliowahi kukaribia kazi hiyo wataelewa ninayosema. Herufi za risasi zilichukuliwa moja moja kutoka kwenye kisanduku, zikapangwa kinyume, mstari kwa mstari, zikafungwa imara, zikapakwa wino, ndipo karatasi ikagandamizwa juu yake. Kazi ikiisha herufi zilirudishwa mahali pake, maana hazikuwa za kutupa. Tena chama hiki kilisema na watu kwa Kipunjabi, Kiurdu, Kigujarati, Kiswahili na Kiingereza. Hati ya Kigurmukhi haipangwi kwa herufi za Kilatini, na ya Kiurdu huandikwa kutoka kuume kwenda kushoto. Tangazo moja lilikuwa kazi ya watu wengi na mikono mingi, na mikono hiyo hatuna majina yake.

Kwa makaratasi hayo waliendesha kampeni ya kudai saa nane za kazi kwa siku kuanzia Oktoba 1, 1936. Kwa makaratasi hayo hayo waliuendesha mgomo wa mwaka 1937 uliodumu siku 62, wakapata nyongeza ya mishahara. Chama kilikuwa na gazeti lake pia, Kenya Worker, kwa Kipunjabi na Kiurdu. Wengine hulidharau gazeti la lugha ya nyumbani wakisema ni la watu wachache. Mimi naona seremala aliyerudi nyumbani na vumbi la mbao kichwani alistahili kusomewa haki yake kwa lugha aliyofundishwa na mama yake.

Mwaka 1939 Makhan Singh alikwenda India. Serikali ya huko ikamkamata mwaka 1940, na vifungo na vizuizi vikamwandama hadi 1945. Alipoachiliwa alifanya kazi gazetini, akarejea Kenya mwaka 1947. Wakati huo uwanja ulikuwa umepanuka. Girdhari Lal Vidyarthi alikwisha kuonja jela kwa sababu ya gazeti lake, Colonial Times. Henry Muoria alikuwa akiandika Mumenyereri kwa Kikuyu. Wahariri wa Daily Chronicle nao hawakuwa wageni wa mahakama. Fred Kubai aliongoza wafanyakazi wa usafiri, Bildad Kaggia makarani. Siku ya Mei Mosi, 1949, likaundwa East African Trade Union Congress, Kubai akiwa rais na Makhan Singh katibu mkuu. Serikali ilikataa kuliandikisha. Shirika lisiloandikishwa halikosi kalamu, na maazimio yakaendelea kutoka.

Mnamo Aprili 23, 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, Makhan Singh alisimama akataka uhuru wa Afrika Mashariki utolewe sasa. Wiki tatu baadaye, Mei 15, yeye na Kubai walikamatwa, na wafanyakazi wa Nairobi wakaacha kazi. Kesi yake ya kuzuiwa ilisikilizwa Nyeri mbele ya Jaji Thacker, yule yule aliyekuja kuwahukumu wazee wa Kapenguria. Alizuiwa Lokitaung, Maralal na Dol Dol hadi Oktoba 1961. Ni zaidi ya miaka kumi na moja, ndugu zangu. Mtoto aliyezaliwa wiki aliyokamatwa alimkuta akirudi akiwa darasani.

Baada ya uhuru hakupewa nafasi yoyote ya maana. Sitalizungusha jambo hili: ilikuwa aibu yetu. Lakini yeye alifanya kazi ambayo mpiga chapa ndiye angeifikiria. Alikuwa ameyatunza makaratasi. Matangazo, barua, maazimio, kumbukumbu za mikutano, aliyaweka, na kutokana na hayo akaandika historia ya vyama vya wafanyakazi wa Kenya hadi 1952, kitabu kilichochapishwa na East African Publishing House mwaka 1969. Ukikisoma utachoka kwa wingi wa tarehe. Chokeni, lakini msomeni. Alifariki Mei 1973, na hazina yake imehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi.

Hapo ndipo penye shida yangu nanyi. Sisi wa miaka ya tisini tulichapa mengi. Tangu mahubiri ya Mchungaji Timothy Njoya ya mwaka mpya wa 1990, tangu Saba Saba ya Julai mwaka huo, hadi kifungu 2A kilipofutwa Desemba 1991 na baadaye, mashine za kurudufu katika ofisi za makanisa zilikesha. Jarida la Beyond lilikuwa limepigwa marufuku tangu 1988 kwa kusema ukweli juu ya uchaguzi wa mlolongo, na kila aliyekata stensili alilijua hilo. Wengi hawakuweka jina chini ya karatasi, na walikuwa na sababu. Nakala nyingine zilichomwa jikoni usiku askari walipobisha. Siwalaumu.

Zilizobaki ziko wapi? Ziko chini ya vitanda, ndani ya masanduku ya mabati, katika stoo za parokia pamoja na mishumaa na viti vilivyovunjika. Mchwa hawajui demokrasia. Na walioweza kutuambia karatasi fulani ilitoka kwa nani wanatutoka mmoja baada ya mwingine. Kila mwaka tunazika shahidi.

Kwa hiyo naomba hivi. Mkirudi nyumbani leo, fungueni masanduku. Msichague iliyo nzuri na kutupa iliyochanika. Nyuma ya kila karatasi andikeni kwa penseli, si kwa kalamu ya wino: ilipatikana lini, wapi, na ni nani aliyeichapa, ikiwa yu radhi kutajwa. Ikiwa hayu radhi, andikeni kazi yake tu. Jumapili ijayo baada ya ibada nitakaa kwenye meza ile ya mlangoni, nami nitapokea chochote mtakacholeta.