Mkono wa Shati na Mkono wa Kazi

(Mazungumzo yaliyotolewa katika ukumbi wa chakula siku ya mkutano wetu wa mwaka, mbele ya wanachama na wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita)



Katibu aliponiomba nizungumze leo, alinipa uhuru wa kuchagua jambo lolote lenye manufaa kwa kijana anayekaribia kuondoka shuleni. Wenzangu walionitangulia walizungumzia uchumi, kilimo na maadili. Mimi nimechagua shati. Naona baadhi yenu mnacheka. Chekeni, lakini nisikilizeni hadi mwisho, maana shati hilo lilikaribia kuninyima kazi, na baadaye, nilipokwisha kulizoea, likakaribia kuniharibia kazi hiyo hiyo.

Shati ninalolisema ni lile ambalo mkono wake hauna kifungo. Pindo lake ni refu mara mbili ya pindo la kawaida. Hukunjwa kurudi nyuma juu ya lenyewe, na katika matundu yake manne hupitishwa kishikizo kimoja ambacho hakikushonwa kwenye nguo. Waingereza huliita pindo maradufu, Wamarekani huliita pindo la Kifaransa, na Wafaransa wenyewe hulitaja kwa jina la askari wao wa zamani, wale musketeri. Huko Ulaya wanaume walikuwa wakifunga mikono ya mashati kwa utepe. Katika karne ya 17 wakaanza kutumia vifungo viwili vilivyounganishwa kwa mnyororo mdogo. Mwanzoni yalikuwa mapambo ya wenye fedha, lakini katika karne ya 19 viwanda vilivitengeneza kwa bei nafuu, hata karani wa kawaida akavipata.

Kwetu sisi shati hili limeingia kwa njia mbili: ndani ya masanduku ya waliosafiri, na ndani ya marobota ya mitumba. Njia yangu ilikuwa hiyo ya pili.

Mwaka 2005, nikiwa nimemaliza Chuo Kikuu, niliitwa kwenye usaili wa kazi serikalini. Nilikwenda soko la Karume, Dar es Salaam, nikachagua shati jeupe lililong'aa kuliko yote. Bei yake ilikuwa ndogo, wala sikujiuliza kwa nini. Usiku wa kuamkia usaili ndipo nilipogundua kwamba mikononi halina vifungo, ila matundu matupu. Nikadhani vifungo vimeng'oka safarini. Asubuhi nikabana mikono yote miwili kwa vibanio vya karatasi, nikavaa koti la kuazima, nikaenda.

Pale kwenye veranda ya ofisi tulikuwa tumeketi vijana kumi na mmoja. Mhudumu wa ofisi, mzee wa makamo ya baba yangu, alikuwa akipita na birika la chai. Aliniangalia mikono, akapita. Akarudi, akasema taratibu, "Kijana, hebu nifuate." Nikamfuata hadi chumba cha chai. Alitoa kopo la sindano, akachagua vifungo vinne vya shati. Akaviunganisha viwili viwili kwa uzi, akiacha nafasi ndogo katikati, kisha akauzungusha uzi kwenye nafasi ile mpaka ukawa mgumu kama kijiti. Akalikunja pindo langu ipasavyo, akapitisha kifaa chake katika matundu yote manne. Kazi nzima haikufika dakika kumi. Kisha akaniambia, "Huko ndani watakuuliza unajua nini. Mikono yako isiwajibu kabla yako."

Kazi nilipata. Vifungo vile ninavyo mpaka leo.

Basi, wadogo zangu, niwape niliyojifunza kwa mzee yule na kwa mafundi cherehani niliowasumbua baadaye, ili ninyi msifike na vibanio vya karatasi.

Kwanza, kipimo. Pindo lifike pale kiganja kinapoanzia, chini ya kidole gumba, lisishuke zaidi. Ukivaa koti, shati lichomoze nje ya mkono wa koti sentimeta moja, au moja na nusu. Likizidi hapo, utaonekana umevaa shati la kaka yako.

Pili, ukunjaji. Pindo la kawaida hupandiana, ncha moja juu ya nyingine. Hili halipandiani. Ncha zake mbili hukutana uso kwa uso kama kurasa za kitabu kilichofungwa. Yapange matundu manne yaonane, kisha ingiza kishikizo kutoka upande wa nje, ule wa kidole cha mwisho, ili uso wenye pambo uelekee nje mikono inapoteremka. Upande wa kufungia ubaki ndani.

Tatu, koti. Shati hili ni la kuvaliwa na koti. Joto likikuzidi ukalivua, ondoa vishikizo, vitie mfukoni, ukunje mikono vizuri hadi karibu na kiwiko. Fanya hivyo hivyo unapokaa kula pilau kwa mkono. Nimewahi kuona kishikizo kikiopolewa kwenye mchuzi wa bwana harusi, na haikuwa picha nzuri.

Nne, rangi. Anza na shati jeupe au la samawati hafifu. Vishikizo viwe vidogo, na madini yake yafanane na saa yako na bakoli ya mkanda. Ndugu zetu Waislamu wanajua kuwa dhahabu si pambo la mwanamume katika dini yao. Fedha inatosha, tena inapendeza. Na asiye na madini asione haya. Mjini Paris, mwanzoni mwa karne ya 20, duka la mashati la Charvet lilianza kuuza vishikizo vya fundo la hariri, na mpaka leo watu wanavivaa kwa fahari. Mhudumu wetu na nyuzi zake hakuwa mbali na Paris.

Tano, usafi. Ondoa vishikizo kabla ya kufua. Sugua ukingo wa pindo kwa sabuni ya mche, maana hapo ndipo jasho na vumbi vinapokutana. Unapopiga pasi, lifungue pindo lote, lilaze wima, lipige pande zote mbili, kisha likunje kwa vidole. Usiukandamize mkunjo kwa pasi hadi ukawa kama wembe, maana pindo hupendeza likiviringa kidogo, na kitambaa hudumu.

Hayo ndiyo ya mkono wa shati. Sasa nije kwenye yale yaliyoniuma.

Baada ya miaka michache kazini nilinunua vishikizo vyangu vya kwanza, vikubwa, vya rangi ya dhahabu. Nilivivaa kila siku ya Mungu. Niliwekea mikono mezani kwa makusudi ili vigonge ubao, nami nikapenda sauti ile. Siku moja akaja mzee mmoja, mwalimu mstaafu, akifuatilia jalada la mafao yake. Ilikuwa mara yake ya tatu. Nilinyosha mkono kupokea karatasi zake, naye akazitazama zile dhahabu zangu kwa muda, kisha akanikabidhi. Nilipozifungua nikakuta ndani yake noti ya shilingi elfu kumi, imekunjwa vizuri.

Nikamuuliza, "Hii ni ya nini, mzee?"

Akainamisha macho. "Mwanangu, nimeona mikono yako nikajua hapa pana gharama."

Ndugu Mwenyekiti, sikuwahi kumwomba mzee yule hata senti moja. Lakini mkono wangu ulikuwa umemwomba. Na jalada lake, nilipolitafuta, lilikuwa juu ya meza yangu mwenyewe, chini ya majalada mengine, likingoja saini yangu. Hakuna mtu mwingine wa kulaumiwa. Nilimrudishia fedha yake, nikamsindikiza hadi mlangoni, na shughuli yake ikakamilika wiki ile ile. Lakini sikuweza kumrudishia zile safari mbili za bure, wala ile hali ya mwalimu wa watu kuinamisha macho mbele ya kijana.

Tangu siku hiyo nimeuelewa umaridadi kwa namna nyingine. Vazi hupendeza linapomwambia aliye mbele yako kwamba umejiandaa kwa ajili yake. Likimwambia kwamba umemzidi, basi hata likiwa limeshonwa London, halijapendeza. Siku hizi kaunta navaa shati la vifungo vya kawaida. Lile la pindo maradufu nalitunza kwa mikutano mikubwa, harusi, na siku kama ya leo, nikiwa na vile vifungo vya mzee. Mtakaopenda kuviona, njooni baada ya chakula.

Wapo watakaouliza: kwa nini tujisumbue na vazi la Kizungu? Swali ni la haki. Kule Zaire, Rais Mobutu alipiga marufuku suti na tai katika miaka ya 1970, watu wakavaa abakosti hadi alipolegeza kamba mwaka 1990. Huku kwetu baba zetu walivaa suti isiyohitaji tai, ile iliyopata jina la Rais Kaunda wa Zambia, na mikono yake mifupi haina haja ya kishikizo chochote. Lakini Novemba 2023 Spika wa Bunge la Taifa la Kenya aliikataza kaunda suti hiyo hiyo isiingie ukumbini. Na ukienda Saudi Arabia utawakuta wanaume wamevaa kanzu zenye mapindo na vishikizo kama vya Ulaya. Nguo hupewa heshima mahali hapa, ikanyimwa pale. Siwaambii basi kwamba lazima mvae shati hili. Nawaambia kwamba mkilivaa mjue mnalivaaje, na mkikutana na asiyejua msimcheke.

Namalizia kwa ombi, na ombi hili ni kwa wanachama wenzangu. Kila mwaka vijana wa shule hii huitwa kwenye usaili wa kazi na wa ufadhili, na wengi wao hawana koti. Wanaazima, kama nilivyoazima mimi. Makabati yetu yana makoti tuliyonenepa tukayaacha, na mashati tunayoyavaa mara moja kwa mwaka. Mimi nimeleta makoti mawili na mashati manne, nimeyakabidhi kwa mwalimu wa malezi, pamoja na kopo la sindano, nyuzi na vifungo. Naomba kila mmoja wetu aongeze kimoja, ili shuleni hapa pawe na kabati la kuazima, nguo itoke na irudi ikiwa imefuliwa. Kijana ajaye na vibanio vya karatasi mikononi asibaki kungoja bahati ya kupitiwa na mzee mwenye birika la chai.

Nanyi wadogo zangu, ipo siku mtakaa upande wa pili wa meza. Kabla hamjamwita anayesubiri, tazameni mikono yenu, kisha tazameni majalada yaliyo chini yake.