Springi na Shokapu

  Juma lililopita tulizungumza habari za breki. Leo mtaona kwamba breki, hata iwe nzuri namna gani, haifai kitu ikiwa gurudumu haligusi ardhi. Kazi ya kulishikiza gurudumu chini ni ya springi na shokapu.

Tuanze na baiskeli. Ile baiskeli nyeusi ya mizigo haina springi katika uma wake wa mbele. Basi ni nini kinachomwokoa mtu anayetoka Terrat kwenda sokoni Arusha, na njia ina mawe na makorongo? Kwanza, ni upepo ndani ya tairi. Tairi ya upepo aliitengeneza daktari wa mifugo, John Boyd Dunlop, kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe, akapata hati ya uvumbuzi mwaka 1888. Pili, ni springi zilizo chini ya kiti. Tatu, ni miguu yako mwenyewe. Ukiinuka kidogo kitini na kukunja magoti, baiskeli huruka chini yako, nawe umetulia.

Gari halina magoti, kwa hiyo limepewa springi. Tazameni chini ya lori: mtaona mabamba ya chuma yaliyopinda, yamepangwa moja juu ya jingine, refu kabisa likiwa juu. Magari mengi madogo yana springi ya chuma kinene kilichozungushwa kama nyoka aliyejiviringa. Gurudumu likipanda jiwe, springi hubonyea, na abiria hawarushwi.

Mwaka 1678 Mwingereza Robert Hooke alieleza kanuni yake. Ikiwa kilo 100 zinaibonyeza springi sentimeta 1, kilo 200 zitaibonyeza sentimeta 2. Basi gari likipakiwa kupita kiasi, springi hulala kabisa, haina tena nafasi ya kubonyea. Hapo kila shimo hupigwa na gari zima, na mabamba huvunjika.

Lakini springi ina kasoro moja: hurudisha kile ilichopewa. Ukiibonyeza na kuiachia, hupanda, hushuka, hupanda tena. Ndiyo sababu ikawekwa shokapu. Ndani yake mna pistoni yenye matundu madogo, nayo husukumwa katika mafuta. Chukueni mwiko, mkoroge maji, kisha mkoroge asali. Asali huuzuia mwiko. Na mafuta huizuia pistoni vivyo hivyo. Nguvu ya kuruka hugeuka joto, nalo hupotelea hewani.

Siku moja nilipanda gari lililokuwa likiyumbayumba kama mashua. Sisi abiria tulilisifu kwa ulaini wake. Katika mteremko wenye matuta, ng'ombe walikatiza njia, na dereva akakanyaga breki. Magurudumu yalikuwa yakidunda, yanagusa na kuachia, na gari likateleza mpaka korongoni. Hakuna aliyekufa, lakini mama mmoja alivunjika mkono. Fundi alipofungua, shokapu mbili zilikuwa hazina hata tone la mafuta. Ule ulaini tuliousifu ndio uliokuwa ugonjwa wenyewe.

Kwa hiyo kabla ya safari fanyeni hivi. Gari likiwa limesimama mahali pa usawa, bonyezeni kona moja kwa nguvu, kisha achieni. Likipanda na kutulia, ni zima. Likiendelea kunesa mara mbili au tatu, shokapu imekwisha. Angalieni pia kama mafuta yanavuja, kama bamba lina ufa, na kama bolti zimelegea. Wenye pikipiki, shikeni breki ya mbele na mbonyeze usukani; uma wa mbele nao una springi na mafuta. Abiria nawe usione haya kumwuliza dereva: shingo inayopanda gari ni yako.

Maswali ya kujipima:
1. Kwa nini springi peke yake haitoshi?
2. Mzigo ukizidi, springi hupatwa na nini?
3. Kwa nini gari lenye shokapu mbovu huchelewa kusimama?

Jibuni katika daftari zenu, mkasomeane na jirani.