Shahada za Kabla ya Chuo Kikuu na Uchaguzi wa Masomo Mazito

Hotuba kwa wazazi na vijana



Jambo linaloletwa mbele ya mkutano huu ni lile ambalo kila mwaka, majibu ya kidato cha nne yatokapo, huzusha mabishano katika nyumba nyingi za Waislamu wa Uganda. Baba huuliza kama mtoto aendelee na mtihani wa nchi, yaani ule wa UNEB, au apelekwe katika skuli inayofuata mitihani ya Cambridge. Jirani amesikia sifa za International Baccalaureate, naye hasemi neno jingine ila hilo. Shangazi aliyeko Nairobi ashauri mtoto avushwe mpaka akasome huko. Na katikati ya maneno yote hayo swali lililo kubwa kuliko yote huachwa bila ya kuulizwa, nalo ni hili: mtoto huyo atasoma masomo gani?

Yafaa kwanza kuzitambua shahada zenyewe, kwani watu hubishana juu ya majina wasiyojua asili yake. Wale wachache waliobahatika kufika kidato cha sita katika miaka ya 1960 walifanya mtihani wa Higher School Certificate uliotoka Cambridge. Mwaka 1967 likaundwa Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki. Tanzania ilijitoa mwanzoni mwa miaka ya 1970, na mwaka 1980 Kenya na Uganda kila moja ikawa na baraza lake. Uganda na Tanzania zilibaki na kidato cha tano na cha sita. Kenya ilishika njia yake: mwaka 1985 ilianza mpango wa 8-4-4, na mwaka 1989 ukafanywa mtihani wake wa mwisho wa kidato cha sita.

Hapo ndipo penye hesabu ambayo wazazi wengi hawajaifanya. Mwanafunzi wa Kenya wa 8-4-4 alisoma miaka 8 ya msingi, 4 ya sekondari na 4 ya chuo kikuu. Mwenzake wa Uganda husoma miaka 7, kisha 4, kisha 2, na chuo kikuu, kwa masomo mengi, miaka 3. Jumla ya huyu ni 16 na ya yule ni 16. Basi anayedhani kwamba kumvusha mtoto mpaka ni kumkatia njia ya mkato, na ajumlishe tena. Isitoshe, Kenya yenyewe inauacha mpango huo: wanafunzi wa kwanza wa mpango mpya waliingia sekondari ya juu ya miaka 3 mwezi wa Januari 2026, na mtihani wa KCSE umo katika siku zake za mwisho.

Mtihani wa Uganda wa kidato cha sita humtaka mwanafunzi achukue masomo makuu matatu, na juu yake karatasi ya maarifa ya jumla iitwayo General Paper, pamoja na somo dogo la hesabu au la kompyuta. Alama zake zimekuwa zikihesabiwa hivi: A ni pointi 6, B ni 5, C ni 4, D ni 3, E ni 2. Masomo makuu hufikia pointi 18, na yale madogo mawili huongeza pointi moja moja, ikawa 20. Mtihani wa Cambridge ni ndugu wa damu wa huu. Masomo aghalabu ni matatu, kina chake ni kile kile, isipokuwa mwanafunzi aweza kuumaliza kwa vipande viwili, na juu ya A kuna A yenye nyota. Mwenye kutazama karatasi za kemia za mitihani hii miwili akitaraji kuona dunia mbili mbalimbali atavunjika moyo. Kinachotofautiana sana ni ada.

Shahada ya International Baccalaureate, iliyoasisiwa Geneva mwaka 1968, ina umbo jingine. Mwanafunzi hachukui masomo matatu bali sita: fasihi ya lugha yake, lugha nyingine, somo la jamii kama historia au uchumi, sayansi, hesabu, na la sita la hiari. Matatu katika hayo huyasoma kwa kiwango cha juu, kila moja kwa saa 240, na matatu kwa kiwango cha kawaida, saa 150. Tena hana budi kuandika insha ndefu ya utafiti ya maneno yasiyozidi 4,000, kusoma somo linalohoji namna binadamu anavyojua anayoyajua, na kushiriki kazi za sanaa, mazoezi ya mwili na huduma kwa watu. Alama kamili ni 45, na asiyefikia 24 haipati shahada. Ni elimu njema, nani atakayekana? Mtoto apendaye sayansi hatupi lugha, na apendaye lugha hawezi kuikimbia hesabu. Kiarabu pia kimo katika lugha zake. Lakini mtoto aliyeshika masomo sita kwa mikono miwili hupata taabu kuliko aliyeshika matatu, na mzazi aliyeuza kiwanja ili kumpeleka huko yampasa kujua hayo kabla ya kuuza.

Na majina haya hayadumu. Wako wazee hapa wanaokumbuka jinsi Higher School Certificate ilivyotukuzwa; leo vijana hawajui hata ilivyoandikwa. Huko Uingereza, mwaka 2008, Cambridge ilileta shahada mpya iitwayo Pre-U, iliyosemwa kuwa nzito kuliko ile ya kawaida, na skuli za wenye uwezo zikaikimbilia. Mitihani yake ya mwisho ilifanywa mwaka 2023. Fizikia iliyosomwa chini ya jina hilo ingali fizikia.

Basi na tuyaache majina, tuingie katika masomo, kwani humo ndimo maisha ya watoto yanamopatikana au kupotea.

Kwa miaka mingi Makerere na vyuo vikuu vingine vya serikali vimewachagua wanafunzi kwa kupima masomo yao, wala si kwa kuhesabu pointi tupu. Kila kozi ina masomo yaliyo ya lazima kwake, na pointi za hayo huzidishwa mara 3. Yaliyo karibu nayo huzidishwa mara 2. Yanayofaa tu huhesabiwa mara 1. Na yaliyobaki, yasiyohusiana na kozi hiyo, hukatwa nusu. Tazameni sasa linalotokea. Kijana amepata A katika somo lisilohusiana na kozi anayoitaka: zile pointi 6 zake huwa 3. Mwenzake amepata C katika somo la lazima: pointi 4 zake huwa 12. Aliyeshangiliwa mtaani kwa A yake ameachwa nyuma mara nne na yule ambaye mama yake aliona haya kuitaja C yake. Na katika kozi kama uhandisi, ambako hesabu na fizikia ni lazima, au udaktari, ambako biolojia na kemia ni lazima, asiyeyafanya masomo hayo hapimwi kabisa. Hata akiwa na A tatu za masomo mengine, mlango huo hakuufikia.

Mambo haya si ya Uganda peke yake. Mwaka 2008 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Durham, Uingereza, walilinganisha ugumu wa masomo ya kidato cha sita, wakaona kwamba masomo ya sayansi na hesabu, bila ya kubagua hata moja, yalikuwa miongoni mwa yaliyo magumu kuliko yote: alama moja haikupatikana kwa jasho moja. Mwaka 2011 kundi la vyuo vikuu vikubwa vya huko, liitwalo Russell Group, lilitoa orodha ya masomo yanayofungua milango mingi: hesabu, fizikia, kemia, biolojia, jiografia, historia, fasihi ya Kiingereza na lugha. Orodha yenyewe iliachwa mwaka 2019, kwa kuwa watu walianza kuisoma kama sheria na kuyadharau masomo mengine yote. Lakini vyuo vingi vinavyofundisha udaktari huko vingali vikitaka kemia kama vilivyotaka kabla ya orodha. Hata mwenye International Baccalaureate hajaepukana na hayo. Tangu mwaka 2019 hesabu zake zimefundishwa kwa njia mbili, moja ya uchambuzi na moja ya matumizi, na viko vitivo vya uhandisi vinavyoipokea ya kwanza tu, tena kwa kiwango cha juu. Mtoto aliyechukua ile nyingine kwa kiwango cha kawaida, kwa kuwa rafiki zake waliichukua, hugundua baada ya miaka miwili na ada nyingi kwamba ana shahada nzuri isiyompeleka alikotaka.

Sasa lisemwe lile ambalo pengine halitawapendeza wote. Katika skuli nyingi, kijana Mwislamu aliyepata alama za katikati huelekezwa kwenye historia, elimu ya dini ya Kiislamu na somo la tatu lolote, kwa kuambiwa kuwa dini anaijua tangu chuoni na A itakuja yenyewe. Elimu ya dini ni tukufu. Mwenye kutaka kuwa kadhi, mwalimu au mwanachuoni na aishike kwa nguvu zake zote, pamoja na Kiarabu ambacho wengi huitaka elimu hiyo bila ya kukitaka. Lakini kuichagua kwa sababu inadhaniwa kuwa nyepesi ni kuidhulumu elimu yenyewe na kumdhulumu mtoto mara mbili, maana wasahihishaji wa kidato cha sita hawatoi A kwa aliyehifadhi. Wanataka hoja, historia na uchambuzi, na wengi waliokwenda kutafuta wepesi walirudi na D.

Watu wazima hapa wanaijua historia iliyotufikisha hapa. Wakati wa ukoloni skuli kubwa zilikuwa mikononi mwa misheni, na wazazi wa Kiislamu, kwa kuchelea dini ya watoto wao, waliwazuia. Hivyo Waislamu wakawa mashuhuri kwa uchinjaji, udereva na biashara ndogo, si kwa ofisi wala hospitali. Mwana wa mfalme Badru Kakungulu na wenziwe waliisimamisha jumuiya ya elimu ya Waislamu katika miaka ya 1940 na kujenga Kibuli ili mtoto asome fizikia pasipo kuacha sala. Mwaka 1988 Chuo Kikuu cha Kiislamu kikafunguliwa Mbale. Hao hawakutoa ardhi na mali zao ili watoto wachaguliwe masomo kwa kipimo cha urahisi.

Kwa wasichana jambo hili lina uchungu zaidi. Mwaka 1990 Makerere ilianza kuwaongezea wasichana pointi 1.5 ili wapate nafasi zaidi. Zilisaidia wengi, lakini hazina kazi kwa binti ambaye akiwa na miaka kumi na saba aliambiwa na wakubwa wake kwamba kemia ni ya wavulana. Na hao hao wakubwa, binti yao ajifunguapo, huzunguka mji mzima wakimtafuta daktari mwanamke.

Walakini haifai mkutano huu utoke ukidhani kwamba kila mtoto atiwe katika fizikia, kemia na hesabu. Sheria ya kuingia chuo kikuu Uganda hutaka kufaulu masomo makuu mawili kwa mkao mmoja wa mtihani. Aliyeshika masomo mazito asiyoyaweza, akapata F mbili, hana alichoshika. Mwalimu aliyemfundisha miaka minne ndiye ajuaye. Aulizwe yeye, na mtoto mwenyewe aulizwe, kabla ya mjomba. Yako pia masomo mazito nje ya sayansi: uchumi uliosomwa pamoja na hesabu, fasihi, jiografia, Kiarabu. Na historia iliyosomwa kwa kina si somo la mvivu hata kidogo.

Tena mtoto hawezi kulaumiwa kwa kukwepa kemia katika skuli ambayo tyubu zake za majaribio zinahesabika kwa vidole na mwalimu wake huja mara moja kwa juma. Hapa ndipo fedha za chama zinapohusika. Imezoeleka kuchangisha kwa ajili ya kulipia ada za mtoto mmoja katika skuli ya ada kubwa, na picha yake ikatiwa katika kijitabu. Fedha hizo hizo, zikitumika kumlipa mwalimu wa kemia na kuijaza maabara ya skuli moja ya Waislamu, zitawafaa watoto wa vidato viwili kila mwaka. Kamati haina budi kulijadili hilo kabla ya mwaka mpya wa masomo, na kuwajibu wanachama waziwazi, likubaliwe au likataliwe.

Yamebaki mambo madogo ya kazi. Mwenye shahada ya nje, iwe ya Cambridge, ya International Baccalaureate au ya nchi jirani, hana budi kuipeleka UNEB ipate kulinganishwa na ya Uganda kabla ya kuomba nafasi katika vyuo vya hapa. Achukue shahada za asili, wala asingoje wiki ya mwisho. Mitaala ya Uganda nayo inabadilika: sekondari ya chini ilianza mtaala mpya mwaka 2020 na watoto wake wa kwanza walifanya mtihani mwaka 2024. Kwa hiyo orodha ya masomo ya lazima ya kila kozi itafutwe chuoni kila mwaka, ya mwaka huo huo, na isomwe na mzazi pamoja na mtoto kabla ya kujaza fomu ya kidato cha tano. Asiyeweza kuisoma kwa Kiingereza aje nayo kwa katibu siku ya Jumamosi, baada ya sala ya alasiri.