Hotuba kwa Vijana wa Ufipa Juu ya Msako wa Nguruwe Mwitu



Twajua sote kwamba mahindi yakikomaa hapa Ufipa, nguruwe mwitu huja usiku kwa kundi, na kazi ya miezi huharibika kwa usiku mmoja. Basi si ajabu kijana kushika mkuki akatoka na wenzake. Ushujaa huo hatuulaumu. Twalaumu kukosa utaratibu, kwa kuwa mahindi hupandwa tena mwakani, lakini mwana hazaliwi mara ya pili.

Kwanza, sheria. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 imekataza kuwinda bila ya kibali. Imekataza pia sumu, mitego ya kamba na waya, mashimo, na kumzingira mnyama kwa moto. Mtu akimwua mnyama kwa kulinda nafsi au mazao yake, hana budi kupeleka habari serikalini upesi, wala nyama ile si mali yake.

Pili, umri. Kwa sheria zetu, asiyetimiza miaka 18 ni mtoto. Huyo asitiwe katika safu ya wasakaji. Yafaa apige debe pamoja na mtu mzima, wala asikeshe shambani peke yake, kesho yake akasinzia darasani.

Tatu, mnyama mwenyewe. Dume la nguruwe lina meno makali kama kisu. Akijeruhiwa huweza kujificha kichakani na kumrudia amfuataye. Kwa hiyo asifuatwe gizani. Tena mtu asirushe mkuki kabla ya kujua mwenziwe amesimama wapi.

Nne, moto. Nyasi za kiangazi huwaka upesi, na moto haujui mpaka wa shamba la mtu. Msitu wa Mbizi, karibu na Sumbawanga, ni makao ya mbega wekundu walio wachache duniani. Ukiungua, hawana pa kwenda.

Tano, maradhi. Nguruwe mwitu huweza kuchukua homa ya nguruwe naye haugui. Mabaki yake yakitupiwa nguruwe wa kufugwa, zizi zima laweza kufa, na dawa hakuna.

Waalimu, wasomeeni watoto maneno haya. Wazee, tangulieni ninyi kuyashika, maana kijana hufuata ayaonayo. Nanyi vijana, kumbukeni: asiyesikia la mkuu huvunjika guu.